Jinsi ya kuchagua bidhaa "rafiki wa mazingira" bila kuingizwa mjini

Ukishika bidhaa iliyoandikwa eco, mara nyingi macho na vidole vinakuwa vimeshakata shauri kabla hujasoma hata mstari mmoja. Rangi ya kaki, kijani kilichopauka, kamba ya katani imefungwa pale juu, karatasi yenye ukakasi kidogo, maandishi kama ya mkono, basi kichwa kinasema hii ya asili hii, weka kwenye kapu. Na ukiangalia vizuri hakuna hata kimoja hapo kinachokwambia kitu kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi wala kitaishia wapi. Wauzaji wanalijua hili siku nyingi, sisi wanunuzi ndo tumechelewa.

Kwa iyo humu ntaenda na mambo mawili kwa pamoja: namna sisi wenyewe tunavyoziona hizi bidhaa (maana nusu ya kudanganywa tunajidanganya), na namna ya kuzikagua ukiwa umeishika mkononi au unaiangalia kwenye simu. Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane: jina la malighafi peke yake halitoshi kukufanya ununue. Mwanzi, pamba, karatasi, plastiki ya mahindi, vyote vinaweza kuwa vizuri na vyote vinaweza kuwa kiini macho, inategemea vimechakatwaje, vimechanganywa na nini, utavitumia mara ngapi, na siku ukivitupa vinaenda wapi.

Anza na kichwa chako mwenyewe

Kuna utafiti mmoja wa mwaka 2023 wa Sokolova, Krishna na Döring ambao nikiwasimulia watu wanacheka halafu wananyamaza. Walichukua bidhaa iliyofungwa kwenye plastiki, wakaizungushia karatasi juu ya plastiki ile ile. Plastiki haikupungua hata kidogo, kilichotokea ni kwamba takataka imeongezeka, lakini watu wakaiona hiyo yenye karatasi ndo rafiki zaidi wa mazingira kuliko yenye plastiki tupu. Yaani umeongezewa mzigo wa kutupa na unashukuru! Sasa tumia hii kama zoezi: kila ukiona boksi la karatasi zuri, livue kichwani kwanza, jiulize ndani kuna nini. Kama ndani kuna mfuko wa plastiki na ndani ya mfuko kuna trei ya plastiki, ile karatasi ya nje ni nguo ya sherehe tu.

Jambo la pili ni nguvu. Mwaka 2010 Luchs na wenzake walionesha kwamba watu wengi wanahusisha bidhaa za kijani na upole, ulaini, usalama. Kwa iyo kwenye shampuu ya mtoto neno eco linasaidia kuuza, lakini kwenye tairi la gari au dawa ya kufungulia bomba lililoziba mtu anaanza kusita, anawaza hii itakuwa legelege. Na kuna kitu kingine kinafanana na hicho, Newman, Gorlin na Dhar mwaka 2014 wakaonesha kwamba kampuni ikisema "tumekusudia kabisa kuifanya hii iwe rafiki wa mazingira" watu wanahisi basi pesa ya ubora imehamishiwa kwenye mazingira, ila ikionekana ile faida ya mazingira imetokea tu yenyewe, wasiwasi unapungua. Akili ya mnunuzi ina mambo yake.

Je huo wasiwasi ni wa kweli? Wakati mwingine ndio, wakati mwingine hapana, na hapa ndo inabidi ujue malighafi yenyewe. Alumini ukiiyeyusha upya inabaki alumini, haichoki, tena kuiyeyusha upya kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuitoa kwenye madini, kwa iyo ukiogopa sufuria ya alumini iliyorejelezwa eti itakuwa dhaifu unaogopa kivuli. Karatasi ni kesi nyingine, nyuzi zake zinafupika kila ikirejelezwa, kwa iyo boksi la karatasi iliyorejelezwa kuwa laini kidogo sio hadithi. Plastiki nyingi nazo zikiyeyushwa tena na tena zinachoka. Ushauri wangu: ubora uukague kama ubora, tenga na habari za mazingira. Vuta mshono, kunja ukingo, pima unene kwa vidole, soma waranti inasema miaka mingapi, angalia kama spea zinapatikana. Kitu kikipita hapo ndo uende kwenye lebo ya kijani. Kikifeli hapo usijisumbue hata kama kimetengenezwa na majani yaliyoanguka yenyewe.

La tatu linauma kidogo. Mwaka huo huo wa 2010 Griskevicius na wenzake walionesha kwamba mtu akiwa na hamu ya hadhi, anaegemea bidhaa ya kijani akiwa ananunua mbele za watu, na akinunua peke yake kwenye skrini ile hamu haipo, tena bidhaa ya kijani ikiwa ghali zaidi ndo inavutia zaidi hao wenye hamu ya hadhi. Kwa iyo ukiona unataka chupa ya maji ya bei kali yenye kifuniko cha mwanzi, jiulize swali la kizushi: ningeinunua kama ingekaa kabatini na hakuna mtu angeiona? Jibu likiwa hapana sikukatazi, pesa ni yako, ila jua unanunua nini.

Halafu kuna lile pengo ambalo kila mtu analo. White, Hardisty na Habib mwaka 2019 waliandika kuhusu utafiti ambao asilimia 65 ya watu walisema wanataka kununua brandi zenye msimamo kuhusu mazingira, na waliofanya hivyo kweli ni kama asilimia 26. Huwa tunasema ni unafiki, mi naona mara nyingi ni uchovu tu, mtu amesimama mbele ya rafu ana dakika moja na vitu 12 vyote vimeandikwa green, afanyeje. Dawa yake ni kuamua nyumbani. Chagua aina mbili tatu za vitu unavyonunua sana, zichunguze hizo vizuri mara moja, ukipata ya kueleweka kaa nayo, sio kila ukienda dukani unaanza upya.

Maneno yenye namba na maneno yasiyo na namba

Hapa kuna kanuni moja nyepesi sana. Neno lisilo na namba wala cheti lichukulie kama mapambo. Natural, eco-friendly, green, earth-friendly, conscious, yote hayo hayana kipimo, hata sumu ya nyoka ni natural. Kampuni ya TerraChoice mwaka 2007 ilikagua bidhaa 1,018 za soko la Amerika Kaskazini zenye madai ya mazingira, na ukitoa moja tu, zote zilikuwa na tatizo fulani, ama dai halina ushahidi, ama ni la jumla mno, ama linasifia kitu kimoja kidogo huku likificha kikubwa, ama ni kweli ila halina maana. Hilo la mwisho mfano wake ni dawa ya kupuliza iliyoandikwa "haina CFC" (zile gesi zinazoharibu tabaka la ozoni) kana kwamba ni hisani, wakati CFC ziliwekewa mkataba wa kuziondoa tangu Montreal mwaka 1987. Unasifiwa kwa kutii sheria.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Tume ya Ulaya ilipokagua madai ya aina hii mwaka 2020 ilikuta asilimia 53 ni ya jumla, yanapotosha au hayana msingi. Ndo maana wakapitisha agizo la mwaka 2024 linalopiga marufuku maneno kama "rafiki wa mazingira" bila ushahidi, na pia kusema bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kisa tu kampuni imelipia miti ipandwe sehemu nyingine. Linaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026. Ukikaa nje ya Ulaya halikulindi moja kwa moja, ila linakupa kipimo kizuri cha kichwani: hili neno lingeruhusiwa kule?

Sasa tofauti inayowachanganya wengi. Recyclable maana yake kitu *kinaweza* kurejelezwa, kama kuna mtu wa kukikusanya na kiwanda cha kukipokea. Recycled maana yake *kimetengenezwa* kwa vitu vilivyorejelezwa. Ni mbingu na ardhi. La kwanza ni ahadi kuhusu kesho ambayo wala sio kampuni itakayoitimiza, ni wewe na mfumo wa taka wa unapoishi, na mfumo wenyewe tunaujua, ukijumlisha taka zote za plastiki zilizowahi kutokea duniani hadi mwaka 2015 zilizorejelezwa ni kama asilimia 9 tu. La pili linaweza kupimwa. Kwa iyo ukiona recycled tafuta asilimia, halafu tafuta ni asilimia ya *nini*, maana kuna wajanja wanaandika "asilimia 100 recycled" kwa maandishi makubwa na kwa maandishi ya sisimizi pembeni wanasema ni boksi, sio kilichomo. Ukiwa na hamu ya kwenda mbali zaidi uliza kama ni mabaki ya kiwandani au ni vitu vilivyotumiwa na watu vikakusanywa. Mabaki ya kiwandani mengi yangerudishwa kwenye mashine hata bila wewe kununua.

Alama: zipi zina mtu nyuma yake

Pembetatu yenye namba ndani chini ya chupa. Watu wengi wanaiona wanasema ah hii inarejelezwa. Hapana, zile namba 1 mpaka 7 zilianzishwa mwaka 1988 na wenye viwanda vya plastiki Marekani kuonesha *aina* ya plastiki tu, 1 ni PET, 2 ni HDPE, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini na 7 ni jumba la wengineo. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 shirika la viwango la ASTM likabadilisha vile vimshale kuwa pembetatu kavu, ila chupa zenye vimshale bado zimejaa kila mahali. Kwa kawaida 1 na 2 ndo zina soko la kurejelezwa, 3, 6 na 7 ni shida. Hiyo namba itumie hivyo, kama jina, usiisome kama sifa.

Vile vimshale vitatu vinavyozunguka vyenyewe, bila namba ya plastiki, vilichorwa na mwanafunzi Gary Anderson mwaka 1970 kwenye shindano na havina mwenyewe anayelinda, mtu yeyote anaweza kuviweka. Vikiwa na asilimia katikati vinasema kiasi cha malighafi iliyorejelezwa, vikiwa tupu havikwambii mengi. Na ile duara ya vimshale viwili vya kijani vimekumbatiana, iliyotokea Ujerumani, inamaanisha kampuni imelipa mchango wa kukusanya vifungashio. Basi. Haisemi kifungashio kinarejelezwa wala kimetokana na vilivyorejelezwa.

Zenye mtu nyuma yake ni zile zinazokaguliwa na mtu wa nje. Kwa mbao na karatasi iko FSC, shirika linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, ilianzishwa mwaka 1993, na ina lebo tatu ambazo usizichanganye: FSC 100% ni mbao yote kutoka misitu iliyokaguliwa, FSC Recycled ni malighafi iliyorejelezwa, FSC Mix ni mchanganyiko na ndo utaikuta mara nyingi zaidi. Chini ya alama kuna namba ya leseni inayoanza FSC-C halafu tarakimu sita, ingiza hiyo namba kwenye tovuti yao uone jina la kampuni linalotokea, likitokea jina tofauti kabisa na la mzigo uliouziwa uliza kulikoni. Hili ndo zoezi zuri kuliko yote humu na linachukua dakika moja.

Kwa nguo za pamba oganiki (inayolimwa bila mbolea na dawa za viwandani) iko lebo ya GOTS, lebo ikisema organic ujue nyuzi za oganiki ni angalau asilimia 95, ikisema made with organic ni kuanzia 70. OEKO-TEX Standard 100, iliyoanza mwaka 1992, watu wanaisoma kama oganiki wakati yenyewe inapima kama kitambaa kina kemikali zinazomdhuru mvaaji, na poliesta tupu inaweza kuipata bila tatizo. Sio kwamba ni mbaya, nguo ya mtoto mi ningependa iwe nayo, ila inajibu swali lingine. Blue Angel ya Ujerumani ya tangu 1978 na ua la EU Ecolabel la tangu 1992 zinaangalia mambo mengi kwa pamoja na zinaaminika. Zaidi ya hapo, ukikuta jani limechorwa ndani ya duara na hakuna jina la shirika wala namba, hilo limechorwa na grafiki dizaina wa kampuni siku ya Jumanne.

Malighafi zinazopendwa, ziangalie kwa karibu

*Mwanzi.* Huu ndo bingwa wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mmea wenyewe safi, unakua haraka, hauhitaji kupandwa upya kila ukivunwa. Sasa chukua kikombe cha "mwanzi" cha kunywea kahawa ukiwa njiani. Kishike. Kimeumbwa mviringo bila mshono, ukuta mwembamba, rangi imelingana kila mahali, kina vidoadoa kama pumba, ukikigonga kwa kucha kinalia kama sahani ya plastiki ngumu. Mwanzi wa kweli hauumbiki hivyo, ukiukata una nyuzi ndefu zinazoonekana na mafundo. Hicho ulichoshika mara nyingi ni unga wa mwanzi umekorogwa na plastiki ya melamini, na plastiki hiyo inatengenezwa kwa melamini na fomaldehidi, na ukimimina kitu cha moto sana au chenye ukali wa asidi hizo kemikali zinaweza kuhamia kwenye kinywaji. Umoja wa Ulaya hauruhusu unga wa mwanzi kuchanganywa na plastiki ya kugusa chakula, na mwaka 2021 walianzisha operesheni ya kuviondoa sokoni. Dalili nyingine: geuza chini usome, ukikuta "usiweke kwenye maikrowevu" na "isizidi nyuzi joto 70" kwenye kikombe cha vinywaji vya moto, ushapata jibu. Halafu hakiozi, hakirejelezwi. Ukitaka mwanzi nunua kitu ambacho ni mwanzi unaoonekana, kijiko, ubao wa kukatia, mswaki wenye mpini wa mwanzi (nyuzi za mswaki huwa nailoni, zing'oe kabla ya kutupa mpini).

Shuka na soksi za mwanzi nazo, zile laini kama hariri. Ulaini ule unatokana na kuyeyusha mwanzi kwa kemikali mpaka uwe uji halafu kuuvuta kuwa nyuzi, yaani viskosi, sawa na viskosi ya mti wowote, na kemikali moja inayotumika, kaboni disulfidi, ni hatari kwa wafanyakazi wa kiwandani. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilishazifungulia kesi kampuni nne mwaka 2009 kwa kuita viskosi mwanzi. Dawa: usisome kile kikaratasi kinachoning'inia, soma lebo iliyoshonwa ndani. Kikaratasi kinaongea lugha ya mauzo, lebo ya ndani ndo inataja nyuzi na asilimia zake.

*Plastiki ya mimea.* Hapa kuna mambo mawili yamechanganywa makusudi. Kutoka kwenye mmea ni jambo moja, kuoza ni jambo lingine. Kuna polithini inayotengenezwa kwa miwa ambayo haiozi kabisa, ni ile ile polithini. Na kuna plastiki ya mafuta ya petroli inayoitwa PBAT ambayo inaoza. Halafu iko PLA ya mahindi, zile glasi angavu na vyombo vya kufungia chakula, hii inaoza kwenye kiwanda cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60, kwenye shimo la takataka la nyumbani, baharini au kando ya njia inakaa tu. Hata kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinachotumika kusema kitu kinafaa mboji kinazungumzia mazingira ya kiwanda: kisambaratike ndani ya wiki 12 na asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miezi sita. Kwa iyo swali la kujiuliza ni jepesi, ninapoishi kuna kiwanda kama hicho kinachokusanya? Kama hakuna, PLA kwako ni plastiki kama zingine, na ukiitupia kwenye chupa za PET inaharibu mzigo wa watu maana inafanana nazo kwa macho.

*Mfuko wa pamba.* Najua utanichukia. Wizara ya mazingira ya Denmark mwaka 2018 ilitoa hesabu kwamba mfuko wa pamba ya kawaida inabidi uutumie mara 52 ili kwenye suala la hali ya hewa peke yake ulingane na mfuko wa kawaida wa plastiki wa dukani, na ukiweka vigezo vyote vya mazingira vya hesabu yao inafika mara 7,100, pamba oganiki ndo usiseme, 20,000, kwa sababu shamba la oganiki linatoa mavuno machache kwa eneo. Watafiti wa Uingereza mwaka 2011 walipata mara 131 kwa hali ya hewa. Kuna watu wanazipinga hizo namba kubwa kwa haki kabisa, hazikuhesabu plastiki inayozagaa na kuziba mitaro au kumezwa na wanyama, na hiyo ni sababu tosha ya kuacha vifuko vyepesi. Lakini somo la kununua linabaki: mfuko wa pamba unafaa ukiwa mmoja au miwili na unatumika mpaka uchanike. Ukiwa na 15 mlangoni ulizopewa bure kwenye semina, umekusanya pamba tu.

*Ngozi ya vegan*, yaani isiyotokana na mnyama. Nyingi ni PU au PVC, plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa. Za nanasi na za uyoga zipo na zinavutia kweli ila mara nyingi zinapakwa tabaka la plastiki juu ili zisinyonye maji, kwa iyo uliza asilimia na uliza tabaka la juu ni nini. Angalia pia mahali panapokunjwa, PU ya bei rahisi inaanza kubanduka vipande hapo.

*Poliesta ya chupa*, yaani inayotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizorejelezwa. Ni afadhali kuliko poliesta mpya, lakini ile chupa ingeweza kurudi kuwa chupa mara kadhaa, ikishakuwa fulana safari imeishia hapo kwa sehemu kubwa, malighafi ya nguo inayorudi kuwa nguo mpya duniani haifiki asilimia 1. Na ikifuliwa inatoa vinyuzi vidogo vya plastiki sawa na poliesta nyingine.

*Kikombe cha karatasi.* Rarua ukingo wake taratibu kama unamenya, utaona utando mwembamba angavu unavutika. Ndo unaozuia kisivuje, na ndo unaofanya viwanda vingi vya karatasi vikikatae.

Itaishia wapi, na nani ataitengeneza

Kati ya vitu viwili vinavyokaribiana, mi nachukua kilichotengenezwa kwa malighafi moja. Shati la pamba tupu au la poliesta tupu lina mahali pa kwenda kuliko la pamba 60 poliesta 40, kwa sababu kuzitenganisha zile nyuzi ni kazi kubwa. Chupa ya chuma tupu inanishinda kuiacha kuliko ya chuma iliyovishwa mpira ukavishwa mwanzi. Na kitu kilichofungwa kwa skrubu kinafunguka kikarekebishwa, kilichogundishwa kwa gundi kikifa kimekufa. Angalia skrubu, zinasema mengi kuliko brosha.

Na kabla ya yote hayo, kama unacho kingine kinachofanya kazi, tumia hicho. Chombo cha plastiki ulichonacho miaka yote, bado kizima, kukitupa ili ununue cha glasi cha kupigia picha ni kuongeza uchafu kwa nia njema. (Isipokuwa kama kimekwaruzika sana na unakipashia chakula, hapo badilisha, hiyo ni afya.)

Ukinunua onlaini, uliza hivi

Picha haishikiki, kwa iyo muulize muuzaji kwa ujumbe. Usimuulize "je hii ni eco?", atasema ndio, wewe ungesemaje? Muulize kitu ambacho jibu lake lazima liwe namba au jina. Unaweza kunakili huu:

"Habari, nimevutiwa na hii bidhaa. Naomba kujua imetengenezwa kwa malighafi gani na asilimia ngapi kila moja, kuna gundi au tabaka la plastiki, na kama ina cheti naomba namba yake. Pia naomba picha ya lebo ya ndani. Asante."

Akijibu kwa namba na picha, hata kama namba sio nzuri sana, huyo ana heshima yake, poliesta iliyorejelezwa asilimia 40 iliyosemwa wazi naiamini kuliko "asilimia 100 asili" iliyosemwa hewani. Akijibu "ni material nzuri sana dia, karibu" ujue hajui, na wengi kweli hawajui, wamepokea mzigo na maneno kutoka juu, usimgombeze. Akituma cheti kipanue usome vitu vitatu, jina la kampuni lililoandikwa, bidhaa zilizotajwa humo na tarehe ya mwisho, maana kuna vyeti vya kweli kabisa vinavyozunguka mtandaoni vikiwa vimeisha muda, au ni vya kiwanda cha nyuzi wakati wewe unanunua begi lililoshonwa sehemu nyingine na watu wengine ambao hawajakaguliwa na mtu yeyote.